Sewahaji, Moi na vichwa vyetu: historia ya idara ya ubongo Muhimbili, kwa macho ya mtu wa Bagamoyo

Ukienda Muhimbili kumtazama mgonjwa getini utaulizwa yupo jengo gani, na majibu yanajulikana, Kibasila, Mwaisela au Sewahaji. Watu wa Dar hilo la mwisho wanalitaja kama wanavyotaja kituo cha daladala, hawana habari nalo. Sisi wa Bagamoyo ndio tunaotakiwa kusimama kidogo, maana Sewa Haji Paroo ni wa kwetu bana, tajiri wa Kihindi aliyefanya biashara hapa mjini zama za pembe za ndovu na misafara, Wazungu wakitaka wapagazi wa kwenda bara wanapiga hodi kwake. Ndiye aliyejenga ile shule ya ghorofa akawapa Wajerumani kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome humo, kabla hajafa mwaka 1897. Na ndiye aliyetoa hela za hospitali ya wenyeji kule Dar iliyokuja kubeba jina lake miaka nenda rudi, mpaka 1956 Waingereza walipofungua hospitali mpya wakaiita Princess Margaret, dada wa Malkia, ambayo baada ya uhuru ndo ikawa Muhimbili. Jina la Sewa Haji likahamia kwenye jengo la wodi.

Nimeanzia huku makusudi kwa sababu nataka kuandika juu ya idara ya upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu pale Moi, yaani Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na najua atatokea mtu aseme we wa Bagamoyo hayo yanakuhusu nini, kaandike magofu ya Kaole huko.

Yananihusu. Tena kama ni kesi za kichwa, Bagamoyo ina kesi maarufu kuliko zote za pwani hii. Tarehe 4 Desemba 1889 Stanley, yule Mzungu mpelelezi, aliingia hapa akitokea Kongo na mtu ambaye yeye Stanley ndiye alikwenda kumuokoa, Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Ikwatoria huko juu ya Nile. Usiku Wajerumani wakafanya karamu ghorofani, hotuba, vinywaji, mambo ni moto. Emin alikuwa haoni vizuri, miwani mizito, katikati ya shamrashamra akaelekea dirishani akidhani ni mlango wa kutokea roshani, akaenda zake mpaka chini barabarani. Mtu kavuka msitu wa Kongo, kaponea vita vya Mahdi kule Sudan, anakuja kuvunjika fuvu Bagamoyo kwenye pati! Akakutwa hana fahamu, damu zinamtoka sikioni. Sikio linalotoa damu baada ya kuanguka ni dalili mbaya hadi leo, linaashiria fuvu limepasuka chini, kwenye kitako chake. Stanley akavuka kwenda Unguja, akamwacha na daktari wa msafara, Parke, raia wa Ireland. Na Parke angefanya nini sasa? Hakukuwa na eksirei, ilikuwa bado haijagunduliwa (ilikuja 1895). Alimlaza, akamtuliza, akasubiri. Cha ajabu Emin akapona, na yeye mwenyewe alikuwa daktari, miezi michache baadae karudi bara na Wajerumani, akaja kuuawa Kongo 1892.

Kwa hiyo matibabu ya kichwa hapa kwetu yalianza hivyo, kulala na kusubiri. Ila msidhani Waafrika wote walikuwa wanasubiri. Wakisii wa Kenya, na jirani zao Wakurya ambao wengine wapo upande wetu kule Tarime, walikuwa na mafundi wa kufungua fuvu kabla daktari wa Kizungu hajatia mguu. Mtu kapigwa rungu, kichwa kinamuuma miezi na miezi hakiachi, fundi anachana ngozi, anakwangua mfupa taratibu mpaka anaondoa kipande kilichopasuka. Kazi hiyo iliendelea mpaka karne ya 20, watafiti wakaiona na kuipiga picha. Kila nikisoma historia zinazoanza na "daktari wa kwanza kufanya upasuaji wa kichwa Afrika Mashariki alitoka Ulaya" nawakumbuka wale wazee.

Turudi Muhimbili. Shule ya udaktari ilianza 1963, ikaja kuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ndiyo leo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili. Mwaka 1971 Profesa Philemon Sarungi, huyu huyu aliyekuja kuwa waziri wa afya, akaanzisha kitengo cha mifupa. Cha mifupa, sio ubongo. Na hapa ndipo ninapoona ufunguo wa historia nzima, kwamba ubongo pale Muhimbili ulianza kama mpangaji kwenye nyumba ya mifupa. Mgonjwa wa ajali anakuja na paja limevunjika na kichwa kimebonyea, anapokelewa na watu wa mifupa, kichwa kinaenda nao kwa sababu hakina kwa kwenda. Kuna wataalamu walikuja kwa vipindi kutoka Urusi ile ya Kisovieti, Cuba na China, wanafanya kazi wanaondoka. Kuna Profesa Reulen wa hospitali ya Inselspital, Bern, Uswisi, ambaye anatajwa kuwa ndiye aliyesukuma sana wazo la kuwa na idara yenyewe, yenye watu wake waliosomea.

Na Watanzania wakaenda kusoma. Mmoja wa wale wa mwanzo ni Profesa Yadon Kohi, ambaye wengi wanamjua zaidi kwa kuongoza COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Mwaka 1984 jina lake lilitoka kwenye utafiti wa Glasgow, Scotland, kuhusu wagonjwa wa ajali za kichwa, jinsi presha kushuka na hewa kupungua mwilini vinavyoharibu matokeo hata kama ubongo wenyewe haukuumia sana. Aliandika na Teasdale, na Teasdale ndo yule yule ambaye mwaka 1974 na mwenzie Jennett walitoa kile kipimo cha fahamu cha Glasgow kinachotumika dunia nzima. Yaani Mtanzania alikuwa jikoni kabisa, halafu hizi habari hazipo popote mtoto wa shule anaweza kuziona.

Halafu angalia mwaka wenyewe. 1971 hiyo hiyo Sarungi anaanzisha mifupa Dar, London mwezi wa kumi mgonjwa wa kwanza kabisa anaingizwa kwenye mashine ya CT scan pale hospitali ya Atkinson Morley. Daktari wa kule kuanzia hapo anaona ndani ya kichwa kabla hajashika kisu. Wa kwetu aliendelea kufanya kazi gizani kwa miaka mingi baada ya hapo.

Giza hilo nimelisikia kwa mtu aliyekuwepo. Mtaani kwetu Magomeni, Magomeni ya Bagamoyo sio ya Dar, kuna bibi nesi mstaafu, alifanya kazi tieta, chumba cha upasuaji, Dar miaka ya themanini, sitaji jina hapendi mambo ya mitandao. Nilimkuta barazani anachambua mchele nikamuuliza, bibi, bila CT scan daktari alikuwa anajuaje atoboe wapi? Akanitazama kama nimeuliza jua linatoka wapi. Akasema, "Macho, mjukuu wangu. Unamulika tochi. Jicho moja likiwa limetanuka mboni halitaki kusinyaa, basi damu ipo upande huo huo. Kama yote mawili yametanuka, wewe mwite ndugu zake." Kisha akanieleza nywele zinanyolewa kwa wembe na sabuni ya kipande, ngozi inapakwa iodini, daktari anachana kidogo juu ya sikio halafu anashika keekee. Nikasema keekee? Ile ya seremala? Akasema ndiyo hiyo hiyo, ya chuma cha pua inachemshwa, unazungusha kwa mkono, na kazi yake yeye ilikuwa kumwagia maji yaliyochemshwa pale mfupa unapotoka unga mweupe ili usipate moto, huku anasikiliza sauti, maana ukikaribia kumaliza mfupa sauti inabadilika na daktari mzuri anaacha kusukuma hapo hapo. Damu iliyovilia inatoka nyeusi kama lami. Kama haikutoka unatoboa kwingine. Matundu mawili, matatu, upande wa pili pia. "Kuna waliofumbua macho pale pale mezani wakauliza wako wapi," akasema, "na kuna ambao tulitoboa kote tukakuta hakuna kitu."

Nasema hivi, historia ya idara ikiandikwa bila huyu bibi itakuwa orodha ya maprofesa tu.

Sasa mwaka 1996 Bunge likapitisha sheria namba 7 ya mwaka ule na Moi ikazaliwa kama taasisi inayojitegemea, mifupa na ubongo humo humo. Watu huwa wanaona ni ndoa ya ajabu. Mimi naona ilikuwa akili, kwa sababu kilichokuwa kinajaza wodi ni barabara, na barabara haichagui ivunje mguu au kichwa. Pikipiki zilipokuja kwa wingi ndo tukajua. Dkt. Joseph Kahamba kwa miaka mingi ndiye alikuwa sura ya ubongo pale, ukisikia kichwa unasikia Kahamba, na madaktari wa mifupa kama Profesa Museru ndio walikuwa wakiiendesha taasisi.

Lakini hesabu yenyewe ilikuwa inatisha. Katikati ya miaka ya 2000 nchi hii ya watu karibu milioni 40 ilikuwa na madaktari bingwa wa ubongo watatu. Watatu! Ndipo ikatokea ile stori ya Haydom, kule Manyara, mwaka 2006. Daktari wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alikwenda akakuta hospitali haina vifaa vya kufungulia fuvu, akamuona mtu anakata mti kwa waya wa msumeno, akauchukua ule waya ukachemshwa ukafanya kazi. Hiyo ndo sehemu ambayo Wamarekani wanaipenda. Mimi napenda inayofuata, kwamba alimchukua daktari msaidizi wa pale, Emmanuel Mayegga, ambaye hata digrii ya udaktari hakuwa nayo, akamfundisha kufanya upasuaji wa ubongo ili yeye akiondoka kazi isiondoke. Ubishi uliozuka hapo mpaka leo haujaisha, je ni sawa mtu ambaye hajasoma miaka yote ile ashike ubongo wa mtu? Mtu wa Dar ni rahisi kusema hapana. Mtu ambaye ndugu yake kaanguka Haydom, na Dar ni siku nzima barabarani, atajibu vingine, na mimi nipo upande wake.

Mwaka uliofuata, Novemba 2007, likatokea lile ambalo hakuna Mtanzania mwenye umri wake hajalisikia. Wagonjwa wawili pale Moi, jina la kwanza ni moja, mmoja ana tatizo la goti mwingine la kichwa, wakabadilishwa. Wa goti akafunguliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Madaktari wakasimamishwa, magazeti yakachemka, na vichekesho vikatungwa ambavyo vingine mpaka leo vinazunguka vijiweni. Sikuona cha kuchekesha wakati ule na sioni leo. Ila kwenye historia ya idara lazima liwepo, huwezi kuandika harusi tu ukaacha misiba, na leo ukiona mgonjwa kavalishwa utepe wa jina mkononi, anaulizwa jina lake tena na tena mpaka anakasirika, mwambie avumilie.

Baada ya hapo mambo yakaanza kwenda fasta kidogo. Januari 2011 Dar ikapokea kozi ya madaktari wa ubongo wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Chuo cha Weill Cornell cha New York, kupitia Profesa Roger Härtl, kikajenga urafiki na Moi, wakawa wanakuja kila mwaka kufundisha na vijana wetu wanakwenda kule. Hapo ng'ambo Unguja, tunakoona taa usiku hali ya hewa ikiwa nzuri (wengine wanabisha kwamba hatuoni, haya), Mhispania José Piquer na taasisi yake ya NED wakafungua mwaka 2014 kituo cha upasuaji wa ubongo Mnazi Mmoja. Na Moi yenyewe ikapata mtambo wa kuingia kwenye mishipa ya ubongo kwa kupitia paja, bila kufungua fuvu. Kutoka keekee hadi hapo, na bibi yangu wa Magomeni bado yupo hai.

Hayo nimeyajua kwa kusoma na kuuliza uliza, lakini kilichonifanya nianze kuuliza ni mtoto wa mjomba. Dogo alikuwa abiria wa boda, usiku, njia ya Makurunge, hana helmeti kama kawaida yetu. Wakagongana na baiskeli. Dogo akanyanyuka mwenyewe, anaongea, anaulizia simu yake imeangukia wapi, mguu unachuruzika damu. Tukampeleka hospitali ya kwanza tuliyoifikia, siitaji, wakashughulika na mguu, wakashona vizuri tu, kichwani kulikuwa na nundu ndogo wakasema barafu. Mjomba akasema mwanangu amechoka mwacheni alale. Baada ya muda akatapika, akatapika tena, tukimwita anaitika kwa mbali kama mlevi.

Nilikuja kuelewa baadae kwamba hiyo ndo sura yenyewe ya damu inayovilia kati ya fuvu na ngozi ya ubongo. Mshipa mdogo unakatika pembeni ya kichwa, damu inajikusanya kidogo kidogo, na huo muda inapojikusanya mtu yupo mzima kabisa anaongea, ndugu wanashukuru Mungu, kumbe saa inakimbia. Mguu unaovuja damu ndo unaotazamwa na watu wote.

Tulipofika Moi alfajiri, nesi wa kike, mdogo kabisa kwa umri, hakuuliza habari ya mguu. Aliinama sikioni kwake akamwita kwa jina kwa nguvu, akasubiri afumbue macho. Hakufumbua. Akambana kucha ya kidole kwa kalamu, hapo akafumbua, akavuta mkono. Akamuuliza unaitwa nani, upo wapi, leo siku gani, dogo akajibu kwa sentensi za mtu aliyechanganyikiwa, kitu kuhusu samaki. Kila hatua anaandika namba. Macho, mbili. Maneno, nne. Mkono, nne. Jumla kumi. Kipimo cha Glasgow hicho, kumi na tano ndio mzima kabisa na tatu ndio hamna kitu, kile kile ambacho Kohi alikifanyia utafiti kule kwa wenyewe. Kisha tochi machoni. Bibi Magomeni angefurahi. Wakampitisha CT scan, damu ikaonekana upande wa kulia, nyeupe imevimba, na kabla jua halijapanda vizuri dogo alikuwa tieta. Leo yupo mnadani pale ufukweni anauza samaki na ana kovu kama kiatu cha farasi ambalo anaficha kwa kofia, na helmeti bado havai vizuri, anaiweka mkononi kama kikapu.

Kuna upande mwingine wa idara ambao watu wa ajali hatuuoni mpaka tukae kwenye mabenchi ya kliniki, nao ni watoto wa vichwa vikubwa na wa mgongo wazi, wale wanaozaliwa uti wa mgongo haujafunga. Maji ya ubongo hayapati njia ya kutoka, yanajaa, fuvu la mtoto bado laini linatanuka. Dawa yake kwa wengi ni mrija unaopitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani, nyuma ya sikio, shingoni, kifuani mpaka tumboni, maji yanakwenda kunyonywa na mwili huko. Valvu yake inayoruhusu maji kwenda mbele tu yasirudi ilitengenezwa na fundi mitambo wa Philadelphia, John Holter, kwa sababu mwanawe Casey alizaliwa na tatizo hilo, na ya kwanza kuwekwa mtoto ilikuwa 1956. Baadae hapa hapa kwa majirani, Mbale Uganda, daktari Benjamin Warf akaonyesha kwamba watoto wengi wanaweza kutobolewa njia mpya ya maji ndani ya ubongo kwa kamera ndogo wakaishi bila mrija kabisa, na dunia ikajifunza kutoka Mbale, safari hii sio kutoka Ulaya kuja kwetu.

Wamama niliowaona pale wengi walitoka mbali na wengi walichelewa. Mmoja wa Handeni aliniambia walianza kuzungushwa kwa waganga, wakaambiwa ni jini, mwingine mumewe alimkimbia. Mtoto akichelewa kichwa kinakuwa kizito shingo haibebi, na operesheni ikifanyika haiwezi kurudisha kilichokwisha bonyezwa. Na kinachouma zaidi mgongo wazi sehemu kubwa unazuilika, ni mama awe na foliki asidi ya kutosha mwilini kabla hajashika mimba na wiki zile za mwanzo, wakati ambapo wengi hata hatujui kama tuna mimba. Ndo maana unga wa ngano wa viwandani unawekewa. Sisi tunaokula ugali wa unga wa mashine ya mtaani hiyo hatuipati, kwa hiyo vidonge.

Basi ukipeleka mtoto kliniki, hapa Bagamoyo au kwingine, mbona uzito wanapima kila mara na kichwa wanakipita, futi ya kitambaa ipo pale pale mezani. Izungushe usawa wa paji la uso na kisogo, iandikwe kwenye kadi kila mwezi. Ikipanda haraka kuliko mstari wa kadi, omba rufaa siku hiyo hiyo, usisubiri mwezi unaofuata. Nesi akiwa na haraka mwambie kwa adabu, dada naomba na kichwa.